Mpini wa kisu cha kuagiza: mfupa wa ng'ombe, pembe ya Ankole, au jino la mnyama wa porini?

Ukishaelewana na fundi kuhusu chuma, ambacho hapa Uganda mara nyingi ni springi ya lori iliyofuliwa upya, linabaki swali la mpini. Mteja anayetaka mbao hana shida: anachagua mvule, mpingo au mfenesi, analipa, basi. Matata huanza anapotaka kitu cheupe. Ameshaona kwenye simu visu vya Marekani na Afrika Kusini vyenye mipini myeupe inayong'aa, chini yake imeandikwa mfupa wa twiga, jino la ngiri, jino la kiboko, jino la mamothi wa Siberia. Anamsogezea fundi wa Katwe ile simu: "Fundi, nataka kama hiki."

Katika orodha hiyo hakuna kinachomfaa mtu anayeishi Uganda, na vinavyomfaa havimo. Niseme msimamo wangu mapema. Kwa kisu cha kufanyia kazi, chukua pembe ya ng'ombe wa Ankole, hasa ile ncha yake iliyo nzima. Kwa kisu cha zawadi au kisu kidogo cha mfukoni ambacho lazima kiwe cheupe, chukua mfupa wa mguu wa ng'ombe uliotolewa mafuta vizuri, au wa ngamia ukiupata. Na kuliko kubishania mnyama gani, muulize fundi mfupa au pembe yake imeandaliwaje, maana mipini mingi huharibikia hapo.

Vya porini viondoke kwanza

Tembo wa Afrika aliwekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, na tangu 1990 biashara ya kimataifa ya meno yake imefungwa. Hapa nyumbani, Sheria ya Wanyamapori ya 2019 imekwenda mbali zaidi: kwa wanyama walio hatarini kutoweka, adhabu inafika faini ya shilingi bilioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Asikudanganye mtu kwamba haya yapo kwenye karatasi tu. Oktoba 2022, mahakama ya Kampala inayosikiliza kesi za wanyamapori ilimfunga mtu maisha kwa kukutwa na vipande vya meno ya tembo ambavyo uzito wake haukufika hata kilo 10. Alikuwa ameshawahi kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo hiyo. Januari 2019, maofisa wa forodha walifungua makontena hapa Kampala wakakuta magogo yaliyochimbwa ndani na kujazwa meno ya tembo na magamba ya kakakuona. Tangu hapo kipande chochote cheupe kinachopita kwenye mizigo kinaangaliwa kwa jicho la pili.

Ukali huo una historia yake. Miaka ya 1960 Uganda ilikuwa na tembo wapatao 30,000. Baada ya vita na ujangili, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki karibu 2,000. Wale unaowaona leo kwenye hifadhi za Murchison, Kidepo na Queen Elizabeth ni kizazi cha waliobaki.

Wengine hujitetea kwa jino la babu, lililokaa ukutani tangu enzi za Mwingereza. Umri wake haukuondolei haja ya kibali, na fundi akishalikata na kulipachika kwenye kisu, ushahidi wote wa uzee wake umegeuka vumbi. Tena kisu hicho hakisafiri. Marekani ilikaza sheria zake Julai 2016 hadi karibu kufunga biashara yote ya jino la tembo wa Afrika, na Uingereza imekuwa na sheria yake ya meno ya tembo inayofanya kazi tangu Juni 2022. Mtalii anayekuambia "nitalibeba tu kwenye sanduku" anacheza na kesi yake na yako.

Kiboko yuko kwenye Kiambatisho cha Pili, cha wanyama ambao biashara yao ya kimataifa inataka kibali, tangu 1995, na twiga aliingia huko mwaka 2019. Ngiri hayumo kwenye orodha za CITES, na hapo watu wengi huteleza, wakidhani kwamba asiyekuwa kwenye orodha ni wa bure. Uganda haiko hivyo. Mnyama wa porini ni mali inayoshikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, na kiungo chake bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA, ni kosa, awe amewindwa, amegongwa na gari barabarani au umemkuta amekufa. Nyati na swala ni vivyo hivyo. Mfupa wa twiga unaouzwa Marekani umetoka kwenye mashamba ya wanyama ya kusini mwa Afrika ukiwa na karatasi zake. Huku kwetu hauna karatasi.

Mamothi je? Ni mnyama aliyekwisha kutoweka, kwa hiyo CITES haimgusi, na meno yake yanachimbwa kwenye ardhi iliyoganda ya Siberia. Lakini tofauti yake na tembo inaonekana kwenye sehemu iliyokatwa upande, kwa ile mistari inayokatizana iitwayo mistari ya Schreger: kwa mamothi mistari hiyo hukutana kwa chini ya nyuzi 90, kwa tembo inazidi nyuzi 115. Jaribu kumweleza hesabu hiyo askari aliyekushika Busia saa mbili usiku. Mimi silichukui jino hilo.

Jino la tembo lilikuwa na nini hasa?

Sifa yake haikuwa ya uongo, na ukiijua utajua unapoteza nini na hupotezi nini. Jino na mfupa vimeundwa kwa vitu vilevile: madini ya kalsiamu yaliyoshikwa na nyuzi za kolajeni. Tofauti ni kwamba mfupa ukiwa hai ulipitwa na mishipa ya damu, na njia zile zinabaki kama vijitundu na vijistari vyeusi hata mnyama akiwa amechinjwa zamani. Jino halina njia hizo. Ndiyo maana linang'arishwa hadi kuwa kama kioo bila doa, na fundi anaweza kulichonga maua madogo bila ncha ya patasi kuangukia kwenye tundu.

Tofauti hiyo hiyo ndiyo kipimo cha kumkamata tapeli. Ukioneshwa bangili au mpini kwenye duka la sanaa na kunong'onezwa kwamba ni jino halisi, shika tochi ya simu na uangalie kwa karibu. Vidoti na vistari vidogo vya rangi ya kahawia maana yake ni mfupa. Mistari inayokatizana kwenye ncha maana yake ni jino, na hapo rudisha ulichoshika uende zako. Ikiwa hakuna kimojawapo na kitu ni cheupe sawasawa kila upande, basi pengine ni plastiki au resini.

Walichokuwa hawasemi wauzaji ni kwamba jino la tembo ni kitu chenye kudeka. Hupanuka na kusinyaa kwa unyevu wa hewa, hupasuka likikaushwa haraka, na huwa la njano kwa umri. Visu vya mezani vya Sheffield, mji wa wafua visu wa Uingereza, vyenye mipini ya jino vilikatazwa kutumbukizwa kwenye maji ya moto, kwa kuwa gundi iliachia na mpini ukapasuka. Kisu kilichotengenezwa kwenye unyevu wa Entebbe kikapelekwa kwenye nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi kingekuwa na nyufa kabla ya mwaka kwisha. Weupe na ulaini wake unaweza kuukaribia kwa mfupa, na uimara wa kazi unapatikana vizuri zaidi kwenye pembe.

Mfupa: upi, na kutoka wapi

Si kila mfupa wa ng'ombe unafaa. Mbavu ni nyembamba, bega ni bapa lakini ndani lina sponji. Mfupa wa paja ni mnene, ila umepinda. Unaotakiwa ni ule wa chini, kati ya goti na ukwato: umenyooka, ukuta wake ni mnene na mgumu, na upande wake wa mbele ni bapa kiasi cha kutoa vibao viwili vya mpini wa kisu kidogo au cha wastani. Bahati mbaya mfupa huo huo ndio unaogombaniwa na chungu cha mulokoni, yaani supu ya miguu ya ng'ombe. Nenda mapema machinjioni au mweleze mwenye bucha akuwekee, na usikubali akuletee mifupa iliyokwisha kupita kwenye supu. Mfupa uliochemka usiku kucha ukitafutwa mchuzi umepoteza kolajeni, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiushika, na mafuta yaliyoyeyuka yameingia ndani kabisa. Utakuwa mweupe siku ya kwanza, halafu utavunjika vipande au utatoa madoa ya njano miezi miwili baadaye.

Wa ngamia ni bora zaidi kama unaupata: mrefu zaidi, umenyooka, na ukuta wake mnene unampa fundi nafasi ya kuuviringisha mpini bila kufikia sponji. Ngamia wako Karamoja, hasa upande wa Amudat na Moroto, na wengi zaidi wako ng'ambo ya mpaka Kenya. Kwa aliye Kampala mfupa wa ngamia una safari ndefu. Kwa aliye Moroto uko karibu, tena sijui kwa nini mafundi wa huko hawautangazi zaidi. Wa mbuzi na kondoo usijisumbue nao, labda kwa kisu cha kuchonga penseli.

Hapa kuna jambo ambalo kwenye picha za mitandao haliandikwi, nalo kwa Uganda ni la uhai. Usiokote mfupa malishoni. Kimeta kipo nchini: kiliua viboko wengi Queen Elizabeth mwaka 2004 na 2005, na mwishoni mwa 2023 watu walikufa Kyotera baada ya kula nyama ya ng'ombe wagonjwa. Vijidudu vyake hujifunga kwenye ganda gumu na kukaa kwenye udongo, ngozi na mifupa kwa miaka mingi sana, na kuchemsha kwa kawaida hakutoshi kuviua kwa uhakika. Ukiukata mfupa huo kwa grainda unaurusha hewani na kuuvuta mapafuni. Mfupa mweupe uliokaushwa na jua pale Kiruhura unaweza kukuvutia kwa kuwa umeshajiandaa wenyewe. Uache. Chukua wa mnyama aliyekaguliwa na daktari wa mifugo machinjioni, na wakati wa kukata vaa barakoa ya N95, maana hata vumbi la mfupa safi ni baya kwa mapafu.

Kuuandaa kunahitaji subira kuliko ufundi. Kata vichwa vyote viwili, toa uboho wote, kwangua nyama na utando. Pasha kwenye maji ya moto yasiyotokota, kisha loweka kwenye maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, ukibadilisha kila yanapoonyesha ute wa mafuta juu, kwa wiki kadhaa. Halafu weka kwenye peroksaidi ya haidrojeni ya duka la dawa hadi upate weupe unaoutaka. Usitumie jiki. Jiki inafanya kazi haraka na ndiyo sababu watu wanaipenda, lakini inakula kolajeni na kukuachia chaki. Mwisho kausha kivulini, polepole. Jua la Kampala la saa sita litaupasua.

Pembe: ya Ankole haina mshindani

Nchi nyingi zinaagiza pembe za nyati wa kufugwa kutoka Asia kwa ajili ya mipini. Sisi tuna ng'ombe wenye pembe kubwa kuliko karibu ng'ombe wote duniani wakitembea barabarani Mbarara na Kiruhura, na sehemu kubwa ya pembe hizo inaishia kwenye lundo nyuma ya machinjio. Wachongaji wa vikombe, vifungo na bangili wanajua thamani yake. Wafua visu wamechelewa.

Pembe ni keratini, kitu kilekile cha kucha na kwato. Imezunguka kiini cha mfupa, na kiini hicho lazima kitoke, ama kwa kuloweka hadi kiachie, ama kwa kuchemsha. Kinachobaki kina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Ncha ni nzima, haina uwazi, na kwa ng'ombe wa Ankole inaweza kuwa ndefu ya kutosha kutoa mpini mzima kwa kipande kimoja, chuma kikiingizwa ndani kwa kutobolewa. Sehemu ya chini ni bomba, na ili upate vibao unalipasua kwa urefu, unalilainisha kwenye maji yanayochemka au mafuta ya moto, unalibana kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya chuma, na unaliacha lipoe likiwa limebanwa.

Kibao hicho kilichonyooshwa kina kumbukumbu. Kikipata joto tena, kitataka kurudi kwenye mviringo wake wa zamani, na ribiti zitaanza kuvutwa. Ncha haina tabia hiyo kwa kuwa hakuna aliyeinyoosha. Ndiyo sababu nasema fundi akikupa hiari, chukua ncha, hata kama rangi yake ni nyeusi tupu na ulitaka ile yenye mawimbi ya krimu na kahawia. Ukiitaka ya mawimbi, angalau iwe kwenye kisu ambacho hakitakaa juani ndani ya gari wala karibu na sigiri.

Rangi ndiyo raha ya pembe. Hakuna mbili zinazofanana: nyeusi, krimu, kijivu cha moshi, nyingine ukiiweka kwenye mwanga unaona unapenya kidogo. Cheupe kabisa, cha kufanana na jino, hutakipata, na anayeng'ang'ania weupe huo arudi kwenye mfupa.

Vikiwekwa pamoja

Uzito kwanza, kwa sababu mkono unausikia kabla ya jicho kuridhika. Sentimita moja ya ujazo ya pembe ina takriban gramu 1.3, ya mfupa inakaribia gramu 2. Kwa mpini wa kawaida wenye ujazo wa sentimita 50 hivi, hiyo ni gramu 65 dhidi ya karibu 100. Kwenye kisu kirefu cha bapa zito, mfupa unasaidia kurudisha mizani mkononi. Kwenye kisu kidogo unafanya mpini uvute chini.

Kikidondoka kwenye sakafu ya saruji, pembe ina nafasi nzuri ya kupona. Ng'ombe walikuwa wakipigania hiyo. Mfupa uliokauka ni mgumu lakini hauna huruma: ukiangukia kona unameguka, na ufa huanzia kwenye tundu la ribiti. Kwa sababu hiyo fundi anayejua hatobozi mfupa kwa nguvu, na hapanui ribiti kwa nyundo kama anavyofanya kwenye panga. Anatoboa taratibu kwa biti kali, tundu likiwa pana kidogo kuliko ribiti, na anaachia gundi ifanye kazi ya kushika.

Maji yanaviumiza vyote, kila kimoja kwa njia yake. Pembe ikilowekwa hunywa maji, huvimba, na ikirudia mara nyingi inaanza kuachana tabaka kwa tabaka. Mfupa hunywa kupitia vile vijitundu, na kinachoingia ni pamoja na rangi ya binzari, damu na nyanya. Ukitaka mfupa ukae mweupe, vijitundu hivyo vizibwe kwa superglu nyembamba kabla ya kung'arisha, au upate mfupa uliojazwa resini kwa mashine ya kunyonya hewa. Baada ya hapo unapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Mfupa na pembe vyote havikai kwenye beseni.

Kwenye joto, mfupa unavumilia jua kuliko kibao cha pembe, lakini hauvumilii kukaushwa ghafla. Wadudu ni tatizo la pembe peke yake: kuna wale wanaokula ngozi kavu na nywele, na kisu cha pembe kilichofungiwa kwenye droo miaka mitatu kinaweza kutoka na vitobo. Nta ya nyuki na kukitumia mara kwa mara vinatosha. Harufu ya kazini mtu asikufiche: pembe ikisagwa inanuka nywele zilizoungua, mfupa unanuka kwa daktari wa meno. Majirani watasema.

Na mshiko? Pembe iliyosuguliwa hadi msasa namba 400 tu na kuachwa bila kung'arishwa kupita kiasi inashikika vizuri hata mkono ukiwa na jasho. Mfupa uliong'arishwa unateleza ukipata mafuta. Dawa yake ni ya zamani: mafundi wa Sheffield, na baadaye wa Marekani, walichonga mfupa vijishimo vidogo vidogo ili uige pembe ya kulungu, wakaupaka rangi ya kahawia, na mshiko ukapatikana. Rangi hiyo unaweza kuipata hapa kwa chai nzito au kwa pamanganeti ya duka la dawa, ambayo inatoa kahawia iliyokolea sana, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Basi kisu chako ni cha nini?

Mchoma nyama, yule wa muchomo wa kando ya barabara, asiagize mfupa. Mikono yake ina mafuta siku nzima na sigiri iko hapo hapo. Ncha ya pembe inamfaa, kibao cha pembe hakimfai, na kwa kweli mbao au plastiki ngumu ingemtumikia bila maneno. Mwenye bucha asichague chochote katika hivi. Kisu chake kinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni kali mara nyingi kwa siku, na mpini wenye vijitundu ni makazi ya vijidudu. Aende kwenye plastiki.

Jikoni nyumbani, kwa mtu anayeosha kisu chake mwenyewe na kukikausha papo hapo, pembe ni nzuri mno. Kama kisu kinapita mikononi mwa watoto na wageni na kulala kwenye beseni na masufuria, usimtese fundi.

Mfugaji anayekata kamba, kukwangua kwato na kuchinja siku ya sherehe, huyo ndiye mtu wa pembe hasa. Kisu chake kinadondoka, kinalowa mvua, kinakaa kiunoni. Kipigwe ncha nzima, ribiti moja au bila ribiti, na gundi ya Araldite ndani. Kwake sioni mjadala.

Kisu cha mfukoni cha kukunja ni ufalme wa mfupa. Vibao vyake ni vyembamba, havihitaji kuwa virefu, na mfupa unakubali kupunguzwa hadi unene ambao kibao cha pembe kingeanza kujikunja. Zawadi ya harusi, ya kustaafu, ya mgeni anayerudi kwao: mfupa mweupe wenye pete ya shaba, au wa ngamia ukiwa na subira. Kwa anayesafiri nje, mwandikie karatasi fupi yenye jina la mnyama, kwamba ni wa kufugwa, na mahali alipochinjwa. Australia na New Zealand wanataka kila kitu cha mnyama kitangazwe uwanja wa ndege, na mpini mweupe usio na maelezo ni mwaliko wa kuulizwa maswali popote pale. Kisu chenyewe kisiingie kwenye mkoba wa mkononi, hilo kila mtu anajua, ingawa bado kila wiki Entebbe wanakusanya.

Kuna wanaouliza kuhusu nazi za mkoma, ile minazi ya porini ya kaskazini na Karamoja ambayo kokwa lake ni gumu na jeupe. Kokwa hilo linachongeka vizuri na kuonekana kama jino, lakini ni dogo na lina uwazi katikati. Kama pambo la mwisho wa mpini, sawa. Mpini mzima hautoki.

Kabla ya kulipa

Mwombe fundi akuonyeshe kipande chenyewe, siyo picha, na ukiwezekana kiwe kimekaa kwake tangu zamani. Kinuse. Mfupa unaonuka mafuta ya zamani haujaisha kuandaliwa, na Araldite haitashika juu ya mafuta hata apake kiasi gani. Uweke juu ya karatasi juani kwa saa moja. Karatasi ikipata doa linalopitisha mwanga, mrudishie. Upitishe ukucha ndani ya kibao: ukihisi sponji, amekata karibu mno na uboho. Pembe iangalie kwenye kingo, kama tabaka zimeanza kuachana, na uipige kwa kidole usikie sauti. Iliyo nzima inalia kavu, yenye ufa wa ndani inalia kama imebanwa.

Muulize pia amepanga kusaga kwa kasi gani. Swali hili linawashangaza mafundi, lakini grainda iliyozoea chuma inachoma mfupa ndani ya sekunde chache na kuacha alama ya kahawia isiyotoka. Anayekujibu kwamba anasaga kidogo, anachovya majini, anasubiri, umempata. Anayekuambia kisu kitakuwa tayari kesho hajaanza hata kuukausha.

Kuhusu malipo, mfupa wa ng'ombe na pembe kama mali ghafi ni rahisi mno, wakati mwingine bure. Unacholipia ni wiki za kuloweka na kukausha, kwa hiyo usibishane bei kwa hoja kwamba "ni mfupa tu". Ukiwa na haraka, agiza mbao.

Nyufa zikija baadaye, zitazame zinakoelekea. Ufa mwembamba wa juu juu unaofuata urefu wa mpini unajazwa kwa superglu nyembamba, unaachwa ukauke vizuri, kisha unasuguliwa kwa msasa namba 1000 wenye maji na kupakwa nta. Ufa unaotoka kwenye ribiti kwenda ukingoni haujazwi. Toa kibao hicho, na ukimpa fundi kazi ya kukibadilisha mpe na kile cha upande wa pili akilinganishe, kwa sababu mfupa mpya hautafanana rangi na uliokaa mkononi mwako miaka miwili.